Kuendesha Skrini ya Kompyuta Iliyo Mbali kwa Terminali: x11vnc Ndani ya SSH

Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Mpanda, nami naishi Dar es Salaam. Kwa muda mrefu, kila programu yake ya hesabu ilipogoma, tulisaidiana kwa simu. "Shemeji, bonyeza ile alama ya juu kulia." "Juu kulia kuna alama tatu, shemeji, nibonyeze ipi?" Kazi ya dakika 5 ilichukua saa nzima, na wakati huo wateja walikuwa wamesimama mbele yake. Siku niliyoweza kuona skrini yake mwenyewe, nikasogeza kipanya chake na kuandika kwa kibodi yangu, kazi hiyo ilirudi kuwa ya dakika 5.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufungua, kuongoza na kufunga skrini ya kompyuta ya Linux iliyo mbali kwa kutumia amri peke yake. Kompyuta ya dukani inatumia Linux Mint, lakini amri hizi zinafanya kazi vilevile kwenye Debian na Ubuntu, mradi mazingira yake ya kazi yanaendeshwa na X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux. Jambo moja ndilo linaloamua kila amri itakayofuata, kwa hiyo nalisema mapema: skrini ya mtu ifunguliwe pale tu anapohitaji msaada, ipite ndani ya SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa), na ifungwe mara kazi inapokwisha. Wanaoacha skrini wazi mchana na usiku ili wasisumbuke kuandika amri mbili wanamweka mwenye kompyuta kwenye hatari asiyoijua.

Hatari hiyo inatokana na umri wa teknolojia yenyewe. VNC, njia ya kutazama na kuongoza skrini ya mbali, ilibuniwa miaka ya 1990 katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na lugha yake ya mawasiliano, iitwayo RFB, imeelezwa rasmi katika waraka wa RFC 6143 wa mwaka 2011. Katika njia yake ya kawaida ya uthibitisho, nenosiri hutazamwa herufi 8 za mwanzo tu. Ukiandika herufi 20, zile 12 za mwisho hazina kazi yoyote. Tena, baada ya nenosiri kukubaliwa, picha za skrini na kila herufi inayochapwa husafiri zikiwa wazi, bila kusimbwa. Hivyo poti ya VNC, yaani namba ya mlango wake wa mtandao, ambayo kwa kawaida ni 5900, haifai kabisa kufunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti. SSH ndiyo inayobeba mzigo wa usalama, na VNC inabaki na kazi yake ya kuchora skrini.

Maandalizi

Kwenye kompyuta itakayotazamwa, yaani ya dukani, sakinisha vifurushi viwili, seva ya SSH na x11vnc, programu inayoitoa skrini ya X11 kwa njia ya VNC:

sudo apt install openssh-server x11vnc

Kwenye kompyuta yako wewe unayesaidia, sakinisha programu ya kutazamia:

sudo apt install tigervnc-viewer

Kisha tengeneza ufunguo wa SSH kwenye kompyuta yako na uupeleke dukani, ili usitegemee nenosiri kila unapoingia. Katika mifano hii mtumiaji wa dukani anaitwa duka, na kompyuta yake ina anwani ya mtandao wa ndani 192.168.1.20, weka za kwako mahali pake.

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id duka@192.168.1.20

Nakushauri ufanye maandalizi haya ukiwa umekaa mbele ya kompyuta zote mbili, kabla hujasafiri. Kosa dogo la ufunguo hurekebishwa kwa dakika moja ukiwa hapo, na kwa siku nzima ukiwa mbali.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kwamba skrini unayotaka kuifungua kweli inaendeshwa na X11. Hapa wengi hukosea, kwa sababu wanaingia kwa SSH na kuuliza aina ya kikao kwa echo $XDG_SESSION_TYPE, wanajibiwa "tty", na wanabaki wameduwaa. Jibu hilo linahusu kikao chako cha SSH, si kikao cha aliyekaa mbele ya kompyuta. Njia sahihi ni kuorodhesha vikao vyote, kutafuta namba ya kikao cha mwenye skrini, kisha kuuliza aina yake:

loginctl
loginctl show-session 2 -p Type

Ukijibiwa Type=x11, uko salama. Ukijibiwa Type=wayland, yaani mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, x11vnc haitakufaa, na nitaeleza mbadala wake baadaye. Vilevile tazama namba ya skrini yenyewe:

ls /tmp/.X11-unix

Ukiona X0, skrini yako ni :0. Ukiona X1, ni :1, na utabadilisha namba hiyo katika kila amri iliyo hapa chini.

Nenosiri na amri ya kufungua

Ingawa SSH inalinda njia, weka nenosiri la VNC pia, kwa kuwa watumiaji wengine wa kompyuta ileile wanaweza kufikia poti ya ndani bila kupitia SSH yako. Ukiwa umeingia kama mtumiaji duka, andika:

x11vnc -storepasswd
chmod 600 ~/.vnc/passwd

Amri ya kwanza itakuuliza nenosiri mara mbili na kulihifadhi katika faili la ~/.vnc/passwd. Faili hilo halikusimbwa kwa maana ya kweli. Limefichwa kwa ufunguo unaojulikana na kila mtu, na yeyote anayelisoma anaweza kulitoa nenosiri. Ndiyo maana amri ya pili inazuia wengine wasilisome, na ndiyo maana nenosiri hilo lisifanane na nenosiri lako jingine lolote.

Sasa tunafika kwenye amri ninayoitumia kila siku. Naiandika kwenye kompyuta yangu, kwa mstari mmoja:

ssh -t -L 5901:localhost:5900 duka@192.168.1.20 'timeout --foreground 40m x11vnc -display :0 -auth guess -localhost -rfbauth ~/.vnc/passwd -timeout 120 -accept popup'

Tuipitie polepole, maana ndiyo moyo wa mwongozo huu. Sehemu ya -L 5901:localhost:5900 inachimba handaki: chochote kitakachofika kwenye poti 5901 ya kompyuta yangu kitapita ndani ya SSH na kutokea kwenye poti 5900 ya dukani. Nimechagua 5901 upande wangu ili isigongane na VNC nyingine inayoweza kuwa inafanya kazi kwangu. Chaguo la -localhost linaiamuru x11vnc ikatae mtu yeyote anayetoka nje ya kompyuta ile. Anayeingia kupitia handaki anahesabiwa kuwa yumo ndani, kwa hiyo anapokelewa. Ukisahau neno hili moja, umefungua skrini kwa kila aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ya dukani, wakiwemo wateja.

Chaguo la -auth guess linaiachia x11vnc kazi ya kutafuta faili la kibali cha skrini, ambalo hukaa mahali tofauti kulingana na programu ya kuingilia iliyopo. Chaguo la -timeout 120 linasema kwamba ikiwa hakuna aliyejiunga ndani ya sekunde 120, programu ijifunge. Neno timeout la mwanzo ni jambo jingine kabisa: ni amri ya kawaida ya Linux inayokata kazi yote baada ya dakika 40, hata kama nimesahau, hata kama simu imeniita nikaondoka mezani. Nyongeza ya --foreground inaruhusu Ctrl+C kufika mahali pake. Usiongeze chaguo la -bg katika amri hii, kwa kuwa linaipeleka x11vnc nyuma ya pazia na kuiponyosha kutoka mikononi mwa timeout.

Nalithamini zaidi chaguo la -accept popup. Linaleta dirisha dogo kwenye skrini ya shemeji lenye vitufe vya Yes, No na View. Akibonyeza Yes, naingia na kuweza kugusa. Akibonyeza View, naona tu bila kugusa. Akibonyeza No, nabaki nje. Skrini ya mtu ina mazungumzo yake, picha za watoto wake na madeni ya wateja wake, na ni haki yake kuyafunga kabla hujaingia. Nilimweleza hivyo tangu siku ya kwanza, na hadi leo husema, "Subiri kidogo, shemeji," anapanga madirisha yake, ndipo anabonyeza Yes.

Pia tambua kitu ambacho sikukiandika. Wengi huongeza -forever, inayoiacha x11vnc ikiwa hai baada ya mtazamaji kuondoka. Bila chaguo hilo, programu hujifunga yenyewe mara mtazamaji wa kwanza anapotoka, na hiyo ndiyo tabia tunayoitaka. Litumie pale tu mtandao unapokatika mara kwa mara kiasi cha kukulazimisha kujiunga upya kila dakika chache.

Amri ikikubali, utaona mistari mingi, na kati yake uutafute huu: PORT=5900. Usiupuuze. Ikiwa kuna x11vnc ya zamani iliyobaki ikining'inia, mpya inaweza kuhamia 5901 kimyakimya, na handaki lako litakuwa linaelekea mahali pasipo sahihi. Ukiona namba nyingine, simamisha ile ya zamani kwanza.

Kisha fungua terminali ya pili kwenye kompyuta yako na utazame:

vncviewer localhost::5901

Nukta pacha zimeandikwa mara mbili kwa makusudi: zinaonyesha kwamba 5901 ni namba ya poti yenyewe, si namba ya skrini.

Mtandao wa taratibu na bando la kuhesabu

Mtandao wa simu hauna kasi ileile saa zote, na bando lina mwisho. Mpangilio ufuatao unapunguza ubora wa picha ili skrini ifuate mkono wako:

vncviewer -AutoSelect=0 -PreferredEncoding=Tight -QualityLevel=3 -CompressLevel=6 localhost::5901

Chaguo la -AutoSelect=0 ni la lazima, kwa sababu bila hilo programu hujichagulia yenyewe na kupuuza ulichoandika. Ubora huanzia 0 hadi 9. Kwa 3 maandishi bado yanasomeka, ingawa picha zinachakaa. Hali ikiwa mbaya zaidi, ongeza -FullColor=0 -LowColorLevel=2, skrini itabaki na rangi 256. Haipendezi, lakini jedwali la hesabu halihitaji urembo. Kitu kingine kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kuondoa picha ya mandhari kwenye skrini ya mbali na kuweka rangi moja tupu, kwa kuwa rangi moja haina cha kusafirisha.

Kuiongoza ikiwa hewani

x11vnc hupokea maagizo wakati inaendelea kufanya kazi, na uwezo huu haujulikani sana. Ingia dukani kwa SSH katika terminali nyingine, taja skrini, kisha uagize:

export DISPLAY=:0
x11vnc -Q clients
x11vnc -R viewonly
x11vnc -R noviewonly
x11vnc -R scale:3/4
x11vnc -R disconnect:all
x11vnc -R stop

Agizo la kwanza linaorodhesha waliojiunga. La viewonly linaondoa mamlaka ya kugusa na kuacha ya kutazama, nami hulitumia ninapomfundisha shemeji jambo jipya, ili mkono wangu usimwingilie anapojaribu mwenyewe. Lile la scale:3/4 hupunguza ukubwa wa picha hadi robo tatu bila kukata mawasiliano. La disconnect:all huwatoa waliopo, na stop huzima kila kitu. Ikiwa maagizo haya yanakataliwa kwa kukosa kibali, basi faili la kibali halimo katika ~/.Xauthority; kwenye kompyuta zinazotumia GDM (programu ya kuingilia ya mazingira ya GNOME) mara nyingi hukaa katika /run/user/1000/gdm/Xauthority, na utalitaja kwa export XAUTHORITY= kabla ya kurudia.

Kompyuta isiyofikika kutoka nje

Mifano ya juu inadhani kwamba unaweza kuifikia kompyuta ya mbali moja kwa moja. Duka la Mpanda linatumia modemu ya mtandao wa simu, na huko wateja wengi hugawana anwani moja ya nje, kwa hiyo hakuna mlango wa kubisha. Suluhisho ni kompyuta ile kuanza safari yenyewe: inajiunga na seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya wazi, na mimi naingia kwa kurudi katika njia hiyohiyo. Sikutaka njia iwe wazi muda wote, kwa hiyo nimeweka ikoni ya "Omba msaada" kwenye skrini ya shemeji. Inaendesha hati hii, iliyohifadhiwa katika /home/duka/bin/msaada na kupewa ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x:

#!/bin/sh
echo "Njia ya msaada iko wazi kwa saa moja. Funga dirisha hili ukitaka kuikata."
timeout --foreground 1h ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 2222:localhost:22 njia@seva.example.org

Kumbuka kuendesha amri ya ssh kwa mkono mara moja, ili seva itambulike, na faili la ikoni liwe na mstari wa Terminal=true ili dirisha lionekane. Mtumiaji duka naye anahitaji ufunguo wake wa SSH kwenye seva, unaotengenezwa na kupelekwa kama ule wa awali, na usipewe mamlaka zaidi ya yanayohitajika. Katika authorized_keys ya mtumiaji njia, tanguliza maneno haya kabla ya ufunguo:

restrict,port-forwarding,permitlisten="2222"

Shemeji akibonyeza ikoni, mimi naingia kwa amri ileile ya awali, nikibadilisha mwanzo wake tu, ambapo fundi ni jina langu la mtumiaji kwenye seva:

ssh -t -J fundi@seva.example.org -p 2222 -L 5901:localhost:5900 duka@localhost '...'

Ndani ya alama za nukuu unaweka maneno yaleyale ya timeout na x11vnc. Poti 2222 inasikiliza ndani ya seva peke yake, kwa hiyo wapita njia wa intaneti hawaioni.

Ikiwa kompyuta inatumia Wayland

Tangu toleo la 22.04, Ubuntu yenye GNOME hutumia RDP, njia ya Microsoft, badala ya VNC kwa kushiriki skrini, na amri ya kuiongoza ni grdctl. Kwanza tengeneza cheti, kisha uiwashe, ukiwa umeingia kama mwenye skrini:

openssl req -newkey rsa:4096 -x509 -nodes -days 365 -keyout ~/rdp.key -out ~/rdp.crt
grdctl rdp set-tls-key ~/rdp.key
grdctl rdp set-tls-cert ~/rdp.crt
grdctl rdp set-credentials jina nenosiri
grdctl rdp disable-view-only
grdctl rdp enable
systemctl --user restart gnome-remote-desktop
grdctl status

Poti yake ni 3389, na handaki la SSH linachimbwa vilevile kwa -L 3390:localhost:3389. Kazi ikiisha, andika grdctl rdp disable. Jihadhari na kompyuta inayoingia yenyewe bila kuuliza nenosiri: hifadhi ya siri ya GNOME hubaki imefungwa, na huduma hii hushindwa kusoma nenosiri lake.

Tofauti na x11vnc iliyopewa -localhost, huduma hii husikiliza kwenye mtandao mzima, kwa hiyo ufw, programu ya ukuta wa moto ya Ubuntu, inahitajika kuzuia wanaotoka nje. Mpangilio wa amri una maana kubwa:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw enable

Katika ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia nilianza na ya pili. ufw ilinionya kwamba amri ile inaweza kuvuruga mawasiliano ya SSH yaliyopo, nikajibu y kwa haraka, nikatoka, na sikuweza kurudi. Ilibidi mhudumu wa pale aandike ile amri ya kwanza herufi kwa herufi nikimtajia kwa simu.

Kufunga na kuhakikisha

Funga dirisha la vncviewer, subiri x11vnc imalize, kisha uikague kompyuta ya mbali kabla hujaaga:

ss -tln | grep -E ':(5900|3389)'

Amri hii isipoleta mstari wowote, hakuna anayesikiliza. Ikileta mstari wa 127.0.0.1:5900, x11vnc bado iko hai, na utaizima kwa x11vnc -R stop. Ikileta 0.0.0.0:5900, acha kila kitu uchunguze ni nani aliyeifungua, kwa kuwa amri za mwongozo huu haziwezi kuzaa mstari huo. Walioingia kwa SSH siku hiyo utawaona kwa:

sudo journalctl -u ssh --since today

Nikishatoka, humwambia shemeji kwamba nimetoka, naye hufunga dirisha la "Omba msaada". Siku nitakapoacha kulihudumia duka lake, nitaingia mara ya mwisho na kufuta mstari wa ufunguo wangu katika ~/.ssh/authorized_keys ya mtumiaji duka, kisha nifute na ule wa duka kwenye seva.